Saa ya Mashine

Mara ya kwanza mashine iliandika "saa 3:00",
na watu wa Temeke, watu wa saa zao,
wakaingia saa tatu asubuhi,
wakakuta kioo kitupu.
Mimi niliwangoja alasiri, Kijitonyama, ghorofa ya nne,
nikitazamana na jina langu.

Tena barua zote ziliandikwa: "Mpendwa JINA".
Bi Msiru akajibu: Jina ndiye nani?

Nikakesha nayo, feni ikilalamika.
Nikaifundisha zile saa sita za tofauti,
na kuwaamkia shikamoo waliozaliwa kabla ya themanini,
na kukumbusha jana yake,
na kumpelekea rekodi
kila ambaye umeme ulimkatikia.
Orodha ikaanza kujipigia tiki yenyewe.

Siku hizi saa kumi na moja nafunga kompyuta
chai ikiwa bado ya moto.

Kazi moja sikuikabidhi.
Kila Alhamisi: "Mpigie Kihwelo, Mbagala."
Hana bando, simu yake ya tochi.
Naiegesha yangu kwenye spika,
semina nzima namsikia akikohoa,
akiuliza maswali ambayo wenye kamera
hawajawahi kuyauliza.

Hiyo naipiga tiki kwa kalamu.