Dawa ya Deni

Kidonge kimoja, peso tatu.
Cheupe, kina mstari katikati
ukitaka kukikata.
Nemesio alikimeza kwa maji ya mchele
kwa ajili ya dole gumba la mguu
lililovimba likakataa kiatu,
na msimu wa kukata miwa uko mlangoni.

Siku ya kumi na tisa macho yakawa mekundu.
Nikasema ni majivu ya mashamba yaliyochomwa.
Siku ya ishirini midomo ikapasuka,
uji ukamshinda,
na nilipomshika mkono nimwinue
ngozi ilibaki kiganjani mwangu
kama utando wa maziwa yaliyopoa.
Sikupiga kelele. Nilisimama nayo tu,
sijui pa kuiweka.

Bacolod, wodi ya walioungua.
Yeye hakuguswa na moto wowote,
lakini kitanda kilikuwa hicho, cha upepo,
kinachohema usiku kucha
na kulipiwa kwa saa.

Muuguzi Florabel alinipa orodha asubuhi,
nikashuka duka la dawa, nikapanda,
mchana orodha nyingine, nikashuka.
Chachi zenye mafuta, maboksi tisa.
Matone ya macho kila saa, hata alfajiri,
kope zisije zikagandana.
Albumini, chupa ndogo ya rangi ya asali:
mwezi mzima wa panga.
Glavu, jozi mia mbili na kumi na mbili.
Nilizisoma kwenye bili mara mbili
nikiwaza mikono yote hiyo iliyomgusa
wakati mimi nimekatazwa.

Dawa ya moto ni moto, husemwa.
Hapa dawa ya dawa ilikuwa kuiacha dawa,
na kungoja.
Kungoja ndiko ghali.
Siku ishirini na sita,
kila moja na nambari yake na mhuri.

Dirisha la nne, keshia ana sauti ya upole.
Bima ya serikali imekula robo, akasema,
kana kwamba bima ndiyo iliyokuwa na njaa.
Iliyobaki niliitandaza sakafuni kwa dada yangu Crisanta:
karatasi kumi na moja, tukaziunga kwa gundi,
urefu wa mtu aliyelala.
Ilimzidi Nemesio kwa nyayo mbili.

Nyati akaenda kwanza.
Kisha cherehani. Kisha mwaka wa shule wa Jovelyn,
ambao hauna mnunuzi, lakini nao uliuzwa.
Nusu ya shamba iko rehani kwa mjomba Rodulfo,
naye siku hizi ananisalimu kwa heshima inayonitisha.

Dawa ya deni ni kulipa.
Na dawa hiyo, je, madhara yake yameandikwa wapi?
Mbona boksi lake halina karatasi ndani?

Siku ya kuruhusiwa, daktari kijana alimpa kadi ya njano:
jina la kidonge, na chini yake, ASIPEWE KAMWE.
Kuna kipimo cha damu, alisema akitazama viatu vyake,
pengine kingetuonya.
Nikauliza bei.
Akaitaja. Kuku saba, labda wanane.
Kadi ilikuwa bure. Niliitafuta kwenye bili, haimo.

Sasa ana ngozi mpya, nyororo kama ya kitoto,
jua haliwezi. Hukaa ndani ya mlango.
Jana jioni aligeuza sikio upande wa zizi
akasikiliza kitambo.
"Kimya sana," akasema.
Nikasema ndiyo,
inua kichwa, saa ya matone imefika.