Shanga Zilizokula Chumvi

Saa nane za usiku, na kiwanda hakijui usiku.
Sharubati inashuka kutoka ghorofa ya tano,
moto wa nyuzi themanini, nzito, rangi ya maji ya kunde.
Nakinga kikombe cha kioo chini ya bomba,
napima, naandika: mia saba na arobaini.
Mwenye meli anataka thelathini na tano.

Manong Teodulfo Magbanua hafungui vali papo kwa papo.
Kwanza huiwekea kiganja, kama apimaye homa ya mtoto.
"Mnara wa tatu umechoka," anasema.
"Sikiliza unavyomeza."
Sisikii kitu.
Mimi nina shahada, yeye ana masikio.

Ndani ya mnara hamna uchawi.
Ni shanga za resini, ndogo kuliko punje ya ulezi,
tani juu ya tani,
kila shanga na ndoano zisizoonekana,
kila ndoano imeshika chembe ya chumvi.
Rangi ikipita, hapo hapo soko hufunguliwa:
chukua kloridi yangu, niachie weusi wako.
Nipe nikupe, bila mizani, bila kelele.
Sukari yenyewe haina la kuuza.
Hukatiza sokoni mikono mitupu
ikatokea chini inatakata.

Leo haitakati.
"Mia moja tisini," nampigia kelele juu ya ngurumo za pampu.
"Jana ilikuwa ngapi?"
"Mia na kumi."
Anafunga. Anaita chumvi.

Miaka sita sasa, na bado jambo hili hunichekesha:
sukari inaoshwa na chumvi.
Maji ya chumvi yanapanda na magadi yake makali,
yanazing'oa rangi ndoano kwa ndoano,
na kinachotoka kwenye mfereji wa nyuma
ni kahawa, kisha wino,
kisha kitu ambacho kipimo changu hakina namba yake.

Waspania walikiita kisiwa hiki Negros, cha watu weusi,
kwa ngozi walizozikuta ufukweni.
Tangu hapo tunatengeneza weupe
na kuupakia melini.
Hilo siliandiki. Safu ya maoni ni nyembamba,
inatosha neno moja: *imeoshwa*.

Baba yake Teodulfo alikuwa sakada,
mkata miwa wa msimu, aliyevushwa kutoka Antique
akiwa na deni la mchele kabla hajashika panga.
Mashamba yakichomwa, masizi yaliingia kwenye mistari ya viganja
na utomvu wa muwa ukayafungia humo.
Siku ya kumwosha maiti, mikono ilikataa.
Walisugua kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ya mpako mzima.
"Sabuni haina ndoano," ananiambia,
macho kwenye geji,
na sijui kama ni mzaha.

Ijumaa watauchimbua mnara wa tatu.
Shanga zake zimekula chumvi nyingi,
mara mia tatu na kumi kwa daftari langu,
nyingine zimepasuka, nyingine zimekuwa nyeusi za kudumu,
hazibadilishani tena na mtu.
Tayari ameteka ukufi mmoja katika chupa ya mayonezi.
Mjukuu wake, Luzviminda, anadhani ni mayai ya samaki.
Kila jumapili huyachungulia kama yameangua.

Saa kumi. Sampuli mpya: mia moja na tano.
"Inameza vizuri sasa," anasema, kabla sijamtajia.

Anamimina kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake,
anatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne,
na ndani yake bonge la sukari guru, jeusi, lenye harufu ya moshi.
Namwonyesha ghala lililo nyuma yetu,
magunia elfu kumi na mbili yanayong'aa chini ya taa.

"Ile?" anasema. "Ile haina ladha ya mtu."
Anakoroga kwa penseli yangu,
kisha ananirudishia,
nami naandika mia moja na tano
kwa ncha iliyolowa.