Mkeka wa Jaruba la Tatu

Mwaka wa kwanza niliukwangua.
Nani angeniambia? Niliona utelezi,
ngozi ya kijani juu ya tope, nikasema uchafu,
nikashika koleo tangu alfajiri mpaka jua la utosi,
nikaurundika tutani, ukakauka, ukajikunja
kama soli ya kiatu cha marehemu.
Nikajisifu kwa usafi.
Bamvua likaja, tukafungua lango,
maji yakaingia, yakakaa siku nne;
ya tano yakazama ardhini
kama mdaiwa aliyehama usiku.
Mkwinda, msimamizi, hakunifokea.
Alikata mshahara.

Mchinga haina siri: kiroba kitupu huonekana kwa mbali.

Mwaka huu kaja binti, Tabia Chitanda,
hadubini kaifunga kwa kanga ndani ya ndoo.
Anatumbukiza kijiti cha kioo, anaandika:
jaruba la kwanza, chumvi ya bahari tu;
la pili, mara mbili;
la tatu, mara nne, na joto la chai iliyosahauliwa;
la mwisho kijiti kinakataa kuzama.
Akakata mkeka kwa kisu cha kumenyea muhogo,
akaulaza ubavu kwenye sahani.
Tazama, Somoe.

Juu kahawia, mwavuli wa jua.
Chini yake kijani, wasukaji wenyewe:
jua likikaza wanashuka,
likilegea wanapanda, kila siku, bila kengele.
Chini yao rangi ya waridi, wala makombo ya mwanga.
Chini kabisa weusi, wasiotaka hewa,
wenye ile harufu ya yai viza
tuliyomsingizia mbwa wa Mkwinda miaka yote.
Na unene wa mji mzima
haufiki ukucha wa kidole changu cha mwisho.

Nikaweka jicho. Kwanza niliona kope zangu.
Kisha visanduku vya kioo vikiteleza
bila mguu, bila kasia,
na nyuzi, nyuzi, zikipishana
kama vidole vya mama akisuka ukili
huku anatazama pengine, anagombana na jirani.
Ndio wanaoziba tope. Ndio walioshika maji.
Na mimi na koleo langu.

Nikauliza, mbona jaruba la kwanza halina mkeka?
Akaokota konokono, mwembamba kama msumari:
hawa hula usiku kucha.
Huko la tatu, chumvi inawachoma midomo.
Basi ule ukali unaopasua visigino vyangu
ndio ukuta wa wasukaji.
Huko la nne hata wao hawawezi,
wamebaki wale wekundu, wakaidi,
maji yamekuwa damu ya samaki.

Nikamvulia kiatu. Akacheka, halafu hakucheka:
akakwangua ufa wa kisigino, akatazama,
akanisogezea hadubini bila neno.
Uzi mmoja wa kijani, umelala.
Msukaji amepanga kwangu, halipi kodi.

Tabia aliondoka Oktoba.
Novemba mvua ilikuja kabla ya miadi,
usiku mmoja, nzito, juu ya majaruba yote.
Asubuhi nilichovya kidole, nikaonja:
la tatu limepoa ulimi, limekuwa kama la pili.
Na konokono walijua kabla yangu.
Walikuwa wamepanda tuta, wanashuka upande wa pili,
mistari yao juu ya tope
kama mwandiko wa mtu mwenye haraka.

Siku tatu nimeinama na kurunzi,
nawaokota mmoja mmoja, natia ndooni.
Mkwinda anasema nimepagawa,
chumvi ya mwaka imekwisha, nenda nyumbani.
Mkeka una matundu upande wa mikoko,
ukubwa wa sarafu, mengine ukubwa wa kiganja.
Jua limetoka leo saa nne.
Naonja tena.
Bado.