Friji Likinyamaza

Nilianza mwezi wa mvua kubwa, nyuma ya stakabadhi za kahawa,
zile za rangi ya waridi ambazo mizani mpya haizitaki tena.
Mchana napima magunia. Usiku, Moshi ikishalala,
napima mzimu: ana kilo ngapi marehemu
akikaa ukingoni mwa kitanda?
Godoro linabonyea, au halibonyei?

Sura ya kwanza ilikwama hapo wiki tatu.

Nikamfanya karani wa stesheni, aliyekufa kwa homa
kabla mama yangu hajazaliwa. Nikampa jina, Eliaringa,
na kovu chini ya kidevu, na mikono inayonuka mafuta ya taa.
Nikampa na wa kumpenda: Ndeshi, mshonaji wa sare za shule kule Pasua,
mkavu wa maneno, mwenye deni la cherehani.
Walipokutana, pale majani yanapoota katikati ya reli,
nilijua Ndeshi atasema nini.
Mzimu sikujua.
Akiongea kama mahubiri, nafuta.
Akiongea kama barua za bwenini, nafuta tena,
hadi karatasi ikatoboka, na kwenye kitundu
nikaiona meza. Basi nikamwacha anyamaze.
Hapo ndipo alipoanza kupendeka.

Na busu? Jamani, busu.
Nilitembea hadi Kiborloni na kurudi nikiliwaza.
Nikisema ni la baridi, nimeiba; mizimu yote ni ya baridi.
Mwisho niliandika kwamba ni kama kunywa maji gizani
ukidhani kikombe kimejaa,
kumbe kilikwisha zamani.

Dada yangu Anasia, mzee wa kanisa,
alisoma kurasa nne akiwa amesimama.
"Pepo hapendwi," akasema, "pepo hukemewa."
Akaketi.
Akaomba ya tano.

Mwenye duka la kuchapa, nyuma ya stendi, aliuliza:
"Ni mitihani, au kadi za kipaimara?"
Riwaya, nikasema. "Ya dini?"
Ya mapenzi. Akatabasamu.
Na mzimu, nikaongeza.
Akaacha kutabasamu, akataka nilipe yote kabla.

Nakala sitini. Jaladani aliweka mlima bila kuniuliza,
maana mlima, alisema, unauza. Jina langu likapungua herufi moja.
Hata hivyo nilikipapasa kitabu kile
kama unavyompapasa mtoto paji la uso, kujua kama homa imeshuka.

Sasa kila mtu ananiuliza, kwa sauti ya msibani: ulifiwa na nani?
Sijafiwa na mtu niliyempenda hivyo.
Sijampenda mtu hivyo.
Kovu nililitoa kwa fundi bomba. Mikono, kwa baba.
Ule ukimya ni wa muuza misumari mmoja
aliyenirudishia chenji, mwaka juzi, kwa heshima iliyopitiliza.
Na lile la friji, kwamba huja umeme ukikatika,
friji likinyamaza, nyumba ikabaki kusikika mifupa yake,
nililitia kwa kuwa usiku ule umeme ulikatika kweli
na sikuwa na njia nyingine ya kumwingiza chumbani.

Jumamosi akaja mama mmoja kutoka Uru,
kitabu amekifunga kwa gazeti kama nyama ya buchani.
Hakunisalimu. Hakuketi.
"Wewe ulijuaje," akasema, "kwamba ni friji?"

Nilichukua kalamu, maana alikuwa bado amekinyoosha.
Nikaandika jina langu kimakosa,
kama lilivyo jaladani.

Usiku nilikaa jikoni. Mimi niliyemtunga,
ninayejua kila senti ya uongo wake.
Umeme, siku hiyo, haukukatika ng'o.
Friji liliunguruma, likakohoa, likaunguruma.

Saa sita na robo
nikainuka, nikachomoa waya.