Vipimo vya Nyumba ya Mtambo, Kengeja

Ukuta wa mashariki: sentimita tisini na nne.
Ukuta wa magharibi: mia moja na thelathini.
Nikadhani futikamba imejikunja, nikapima tena.
Mia moja na thelathini.
Faki, aliyenishikia ncha,
akaweka sikio kwenye mawe kama mkunga asikilizaye tumbo.
"Huu," akasema, "ndio uliobeba mtetemeko."

Halikujengwa lipendeze.
Halina nakshi, halina baraza,
halina hata kishubaka cha kuwekea taa.
Mawe ya matumbawe, udongo mwekundu,
chokaa iliyochomwa kwa magogo ya mikoko,
na ndani ya chokaa maganda ya chaza
yaliyogoma kuungua.
Madirisha matatu membamba, juu yana upinde,
kama nyusi za mtu aliyeulizwa deni lake mbele za watu.

Mlango ni mita moja na robo.
Shimo la gurudumu, pale kati, ni mita nne na nusu.
Hapo nikakaa chini, daftari mapajani:
liliingiaje?

Faki akanionyesha mshono.
Ukuta wa kusini una kovu, toka msingi hadi kwenye boriti,
chokaa yake nyeupe zaidi, mawe yake madogo, ya haraka.
Waliubomoa. Chuma kilishushwa kutoka melini,
kikaviringishwa juu ya magogo ya minazi
siku kumi na moja kutoka pwani,
kikaingizwa, kisha wakaziba.
Mtambo ulivishwa nyumba
kama mtoto anavyovishwa kanzu, mikono juu.

Kila kipande kilikuja na namba iliyogongwa,
moja hadi mia mbili na sita.
Waliokisukuma hawakugongwa namba, wala hawakuandikwa.
Mwenye shamba aliandika miwa, aliandika kuni,
aliandika punda aliyekufa siku ya Jumanne.

Ila kwenye lipu, nyuma ya dohani,
mtu alijishikiza kabla chokaa haijakauka:
kiganja cha kushoto,
kutoka gumba hadi kidole cha mwisho sentimita kumi na tisa.
Fomu ya Idara haina safu ya kiganja.
Nikakiandika pembeni, kwa penseli, kwa herufi ndogo.

Misimu minne tu kilisaga, ndivyo wasemavyo hapa,
nami nimeyachukua kama nilivyopewa.
Wa tano bei ya sukari ikaanguka,
mikarafuu ikapandwa hadi kizingitini,
popo wakarithi dohani.

Gurudumu halikutokea kwenye kovu.
Mwaka walipokuja wanunuzi wa vyuma chakavu
babake Faki na wenzake sita waliingia na nyundo,
na wiki nzima hapakulazwa mtoto mchana.
Liliingia zima, kwa heshima ya ukuta kubomolewa;
likatoka vipande, kwa mlango,
kimoja kimoja,
kama wageni waliogombana na mwenyeji.

Mchana tulikula kwa Bi Mize,
mjane wa mmoja wa wale wa nyundo.
Mafiga yake matatu ni matofali ya tanuri la mtambo,
ya manjano, yana herufi za kigeni, zimesimama kichwa chini.
"Haya hayapasuki," akasema.
"Mawe yetu haya, mwezi mmoja yamekwisha."
Muhogo ulikuwa unachemka.
Kifuniko kikiinuka, kikishuka,
kikitema mvuke upande mmoja,
na ardhi chini ya nyayo zangu, au ni mimi,
ikatetemeka kidogo.
Sikutoa futikamba.

"Nawe mwanangu, ukishaliandika,
watalitengeneza au watalibomoa?"

Mbele ya neno Hali
nilikuwa nimeshajaza: Limeachwa.
Nikaomba kifutio. Hawakuwa nacho.
Nikasugua kwa kidole chenye jasho la jikoni,
neno likakataa kwenda lote,
pakabaki wingu la kijivu, na ndani yake
herufi mbili tatu bado zinasomeka.