Meza Namba Saba

Mteja ananyanyua glasi kwenye taa,
anaizungusha kama anayetafuta sarafu iliyozama.
Hii ya wapi?
Ya Dodoma, nasema.
Anageuza chupa, anasoma mgongo wake kwa kidole.
Kumbe! Nilidhani ya Afrika Kusini.

Mimi Nyemo, mtoto wa Mpunguzi,
mwaka wa nne huu nafungua chupa Masaki
kwa shati jeusi lisiloonyesha doa.
Maneno nimefundishwa:
sehemu mbili Makutupora, moja Sira,
umelala kwenye mapipa miezi kumi,
una harufu ya zambarau na ngozi.
Nayasema yote. Bosi yuko karibu.

Sikufundishwa kusema
kwamba Makutupora ni mkaidi,
anaukausha ulimi kama umelamba ubuyu,
na Sira ndiye shangazi aliyeitwa kukaa katikati
ya ndugu wasiosalimiana.

Wala kwamba kilima kijani cha kwenye lebo
nimekitafuta utoto wangu wote.
Kwetu kuna mchanga mwekundu
unaoingia mpaka kwenye kopo la chumvi.
Kuna jua la saa saba, likishapanda paa linagoma kushuka.
Na sisi, watoto wa mizabibu,
tangu alfajiri tunagonga vipande vya bati
kweleakwelea wasishuke.

Mwaka ule matenki ya kiwanda yalijaa.
Lori halikuja Jumanne.
Halikuja Alhamisi.
Kreti arobaini na mbili kando ya barabara, chini ya turubai,
zikaanza kuchuruzika zenyewe.
Nyuki wakaja.
Baba akaketi juu ya ndoo, akawatazama
kama mtu aliyewaalika.
Hakusema neno mpaka giza.
Wiki iliyofuata nikakata tiketi ya Dar.

Saa sita usiku meza namba saba wameondoka,
wamebakiza mvinyo kimo cha kidole,
joto la Masaki limeshaanza kuuchosha.
Kati ya sinki na jokofu, nikaunywa.
Zambarau sikuiona.
Ngozi, labda, ya viatu vyangu.
Nilichoonja mimi ni bati.

Jumapili nampigia mama.
Yeye mvinyo anaujua wa madhabahuni:
tone, kisha amina.
Namuuliza mvua, ananiuliza kodi ya chumba.
Halafu, kwa sauti ya kumuulizia
binti aliyeolewa mbali:

Na zile zabibu zetu,
huko mjini wanaishi nazo vipi?

Wanazinyanyua kwenye taa, mama.
Wanazitazama kwanza.

Eeh, akasema. Eeh.
Nikamsikia akimrudishia baba maneno hayo kwa Kigogo,
na baba akikohoa kile kikohozi chake cha kuridhika.

Kisha akarudi kwenye simu,
akauliza glasi moja ni shilingi ngapi.

Nikamwambia mtandao unasumbua.