Turbo Juu ya Kabati

Niliinunua Gerezani, ya mkononi,
imefungwa gazeti kama mihogo ya kukaanga.
Muuzaji akaapa: haijaonja vumbi la Mbagala.

Karina yangu ina kilomita laki tatu na arobaini,
zile zinazohesabika;
mita ilisinzia siku moja Ubungo,
ikazinduka mwaka wa pili.

Fundi Nampoto hakuigusa turbo.
Alifungua plagi, akachomeka geji,
akasema, piga stata.
Silinda ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa.
Ya tatu, mshale ukapanda nusu, ukaketi
kama mgonjwa aliyekatazwa ngazi.

"Mwinshehe, unataka kulipa tarumbeta
na kifua chenyewe kinakohoa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.
Akanawa mikono kwa petroli,
akaandika kwenye boksi la oili:
ringi, gasketi ya silinda hedi, pampu ya maji.
Bei yake, turbo mbili.

Na kweli, ningekimbia nayo wapi?
Saa kumi na mbili asubuhi Tazara imeshafunga,
gia ya kwanza, breki, gia ya kwanza, breki,
muuza karanga ananipita kwa miguu,
anarudi kuniuliza kama nimebadili mawazo.

Basi iko juu ya kabati.
Jioni Sikudhani anataka ashushiwe.
Anaweka mdomo kwenye tundu, anapuliza,
na pangaboi dogo la chuma linazunguka,
halidai oili, halichemshi.

"Baba, linakwenda!"

Linakwenda. Kanyaga, mwanangu.